Kitabu Hiki Kinamfaa Nani

Awuor mwanangu,

Sitakuandikia habari za chandarua. Wala sabuni, wala namna ya kuweka unga usiingiwe na wadudu, wala wavulana wa chuoni. Hayo Dani, bibi yako, amekuambia kwa simu wiki nzima, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na kwa kweli anayajua kuliko mimi. Sanduku lako limesimama karibu na mlango. Umelala, au umejilaza tu ukinisikia nikisogeza kiti.

Nakuandikia kwa sababu ya kitabu ulichoniachia mezani. Ulikaa miaka bila kunipendekezea hata ukurasa mmoja, kisha juzi nikarudi kutoka shuleni nikakikuta karibu na chumvi, kimefunikwa karatasi ya khaki kama tunavyofunika vitabu vya rafu yetu ya vijana. Ulikuwa unaosha vyombo, umenipa mgongo. Ulisema tu, "Soma kabla sijaondoka." Nimekisoma. Jana tukila nikakuuliza swali moja kukihusu, ukanijibu kwa maneno machache, ukaendelea kumtoa samaki miiba. Haya ndiyo majibu yangu. Ni marefu kwa sababu yamechelewa.

Nianze na rafu, maana mengi kati yetu yalipitia pale.

Ulikuwa mdogo nilipopewa kazi hapa Macalder, na ulinisaidia kubeba yale maboksi ya vitabu hadi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Wazee wa kanisa walitupa alasiri ya Jumapili kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yao, na siku inayofuata chumba kinakaa bure. Nilileta riwaya za vijana ambazo mtu mzima kama mimi angewachagulia vijana. Msichana mkaidi anapata adhabu kabla ya sura ya mwisho. Mwenye bidii anapata ufadhili. Zilisimama wima rafuni mwezi baada ya mwezi, hakuna aliyezigusa. Walichokigombania ni vile vitabu vikuukuu nilivyovinunua kwa kilo huko Migori mjini ili kujaza nafasi, ambamo mama anadanganya, mwalimu ni mwoga, na nyumbani ni mahali pa hatari ambapo kila mtu anakula chakula cha jioni kama kawaida. Kwanza niliudhika. Baadaye nikaona afadhali wachague wao.

Ndipo mkaanzisha desturi ya kusimamia kitabu. Sikuibuni mimi, ingawa wageni hunisifu kwa ajili yake. Aliyemaliza kitabu na kukipenda alisimama kando ya rafu amekikumbatia kifuani, akasema machache, kisha akamalizia, "Kitabu hiki kinamfaa mtu ambaye..." na kumtaja mtu huyo bila kumpa jina. Mwingine akikisoma naye akakisimamia, kilipanda rafu ya juu. Rafu ya juu ilikuwa yenu. Mimi sikuwa na kura.

Unamkumbuka Ouma, mtoto wa fundi baiskeli, na lile buku nene? Alisema linamfaa mtu ambaye nyumba yake ina panya, kwa sababu ukilirusha halikosi. Nawe ulisimamia hadithi moja ya mapenzi ukasema inamfaa msichana ambaye hajawahi kumwona mvulana akila dagaa wa omena. Ouma akakuuliza umemwona nani akila. Mlicheka mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia dirishani kuona kama tunacheza dansi. Nilikuwa na furaha siku zile. Nalisema wazi kwa sababu baada ya hapa sitalisema tena.

Sheria, lakini, ilikuwa yangu. Zungumza kuhusu kitabu, usizungumze kuhusu wewe. Mtoto akianza, "Mimi, kule kwetu nyumbani," niliinua kidole, naye akajirudi. Niliwaambia kuwa chuo kikuu tulifundishwa kwamba msomaji aliyekomaa hukipisha kitabu njia. Ilikuwa kweli kwamba tulifundishwa hivyo. Haikuwa sababu.

Unajua nilikuzaa nikiwa kidato cha tatu. Ulilijua kutoka midomo ya watu kabla sijapata ujasiri wa kukuambia. Dani alikuchukua Rangwe ili nirudi shuleni, na ili watu wa soko wasiulize sana, akakufundisha kuniita Sista. "Wewe ni wa Dani," alikuambia, "na huyu ni Sista." Nilikuwa nimekaa palepale nikimsikia. Baadaye nimejifanya kuwa nililazimishwa. Ukweli ni kwamba nilipumua. Nilirudi darasani na shati jeupe ambalo lililowa kifuani kila ulipokuwa ukinyonya chupa kwa mtu mwingine, nikajifunza kushika kitabu juu ya kifua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa msomaji. Wenzangu walidhani ni akili. Nilisoma ili pasiwe na nafasi ya kuulizwa, na nikawa mtu anayeweza kumzungumzia binadamu yeyote, kwa uchungu hata, alimradi yuko kwenye karatasi.

Kwa hiyo kila mtoto aliyesema "kule kwetu" nilisikia zamu yangu inakaribia. Ndipo kidole kilipopanda. Sikulijua hilo wakati ule. Nilidhani nafundisha.

Atieno ulimleta wewe. Mlikaa dawati moja. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kufuta kiti kwa kiganja kabla ya kukaa hata kama ni kisafi, na nakumbuka nilipenda jinsi alivyogeuza kurasa, kwa pembe ya juu, bila kulowesha kidole. Alisoma mengi bila kusimamia hata kimoja. Kisha Jumapili moja akasimama na riwaya ya yule msichana anayeishi na mama yake kwa mume mpya wa mama, nyumba ambayo kila mtu kijijini anaisifu kwa bati lake. Hakueleza kisa. Alisema tu:

"Kitabu hiki kinamfaa mtu ambaye analala amekaa."

Nami nikawageukia wengine nikawaambia, mmesikia? Hivyo ndivyo msomaji makini anavyofanya, anachagua jambo moja dogo kitabuni na kukiacha kitabu kizima kisimame juu yake. Nilimsifu, Awuor. Nilimtumia kuwa mfano. Aliendelea kunitazama baada ya wengine kuanza kunong'ona, nikadhani anangoja sifa zaidi.

Jumapili iliyofuata aliomba kusimama tena, na kitabu kilekile. Safari hii kilimfaa mtu ambaye mama yake anajua na hasemi. Nikasema vizuri, ingawa kwa moyo nusu, kwa kuwa palikuwa na wengine waliongoja. Jumapili iliyofuata akasimama tena nacho. Kifuniko chake cha khaki kilikuwa kimechakaa kwenye pembe. Alianza, "Mimi, Madam..." na kidole changu kikapanda.

"Atieno," nikamwambia. "Kitabu."

Alikitazama kama mtu aliyesahau kuwa amekishika. Nikamwambia kwa upole, na upole ule ndio unaoniamsha usiku, wiki ijayo achague kingine, awape wenzake nafasi.

"Ndiyo, Madam," akasema. Akakirudisha rafu ya chini, ingawa kilishastahili ya juu, maana nawe ulikuwa umekisimamia. Hakurudi tena.

Majuma yaliyofuata ulikuwa ukinitazama wakati wa chakula. Uliacha uji ukapoa, ukaniuliza kama nina safari, kama kuna mahali natakiwa kwenda. Nikasema sina. Nilidhani ni umri. Nilikuwa nimesoma riwaya nyingi za wasichana wa umri wako, na katika zote msichana humtazama mama yake namna ile, nikakuona umefika ukurasa wako. Hukuwa umefika ukurasa wowote. Ulikuwa unangoja nisimame nivae viatu. Atieno alikuwa amekuambia, "Nimemwambia Madam," nawe ukaamini kuwa kinachobaki ni muda tu.

Aliondoka kwao akaenda kwa wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu kwenye mashimo ya zamani. Waliniambia baadaye kwamba alifanya kazi vizuri na hakuongea, na kwamba usiku alijilaza katikati yao akalala kama mtoto mchanga, hata walimcheka. Angalau hapo alilala amejinyoosha. Kisha mvua za masika zikaja, na ukingo aliokuwa akichimba chini yake ukaporomoka. Wachimbaji walimtoa kwa mikono yao.

Kwenye mazishi tuliingia ndani kumpa mama yake pole. Ile nyumba ya bati zuri. Mume wa mama yake alikuwa akiwagawia waombolezaji soda, akatujia sisi walimu kwa adabu, akatushukuru kwa kumlea binti yao. Nikampa mkono, Awuor. Nilikuwa bado nauhisi mkono wake ndani ya wangu nilipogeuka nikaona chumba alimokuwa akilala Atieno. Ukuta ulikuwa umeachiwa nafasi ya mlango na mlango haukuwekwa. Palikuwa na pazia, lenye maua, limefungwa fundo katikati ili wageni wapite. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani.

Walimzika nje ya ua, kama watu wetu wanavyomzika msichana ambaye hajaolewa. Udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Ulikuwa umesimama ubavuni mwangu, mfupi kuliko mimi wakati ule, na ulisema bila kunitazama:

"Alikuambia."

"Hakuniambia," nikasema.

"Alikuambia mbele yetu sote, Mama."

Hapo nilikuwa bado na nafasi. Nilichosema ni, "Alizungumzia kitabu."

Ulinitazama basi. Hukupaza sauti. "Hakuna aliyekuwa akizungumzia kitabu," ukasema, ukaenda kusimama na wasichana wa darasa lenu.

Nimefanya yale ambayo waliochelewa hufanya. Nilikwenda kwa chifu, nikaenda polisi, nikaandikisha maneno. Mama yake Atieno alisema hakuna kitu, walimu wanasoma sana. Marehemu hakuwa na namna ya kusema kwa mara ya nne. Yule mwanamume alivuka kwenda machimbo ya Tanzania kwa muda, kisha akarudi, na hakuna anayemuuliza chochote. Hunisalimia sokoni. "Mwalimu, habari ya shule?" Simjibu. Hiyo ndiyo haki yote niliyoweza kumpatia Atieno, kutojibu salamu, na hata hiyo watu wanaiona kuwa ni ukosefu wa adabu.

Kuna jambo hulijui kwa sababu uliacha kuja rafuni, nami sikukuambia nisije nikaonekana naomba alama. Sheria niliiondoa. Siku hizi mtoto akisimamia kitabu, wenzake wakishatawanyika, namwita kando namuuliza, "Na wewe, kimekukuta wapi?" Wengi husema hakijawakuta popote, ni kitamu tu, Madam, nami naamini. Mmoja alinijibu. Nilikwenda kwao siku ileile nikiwa na chaki mikononi, na sasa anaishi kwa shangazi yake Awendo. Mwingine alinijibu pia, nikaenda, na kesho yake familia ikahama. Sijui yuko wapi. Nakueleza wote wawili kwa pamoja. Ningetaja wa kwanza peke yake ningekuwa nimekudanganya.

Nije kwenye kitabu chako.

Nilikisoma kwa hofu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Nilijiambia, safari hii sitachelewa. Msichana wa kisiwani, kisiwa kinachofanana sana na Rusinga, anavuka daraja kwenda kusoma bara. Anafaulu. Na kila anapopita kwenye barabara ya kwao analiona paa la mama yake na hashuki. Sura baada ya sura nilingoja ashuke. Katika ile ya mwisho mama amesimama barabarani na karai la samaki kichwani, gari linapita, na msichana anahesabu nguzo za stima ili asigeuze shingo.

Nilikifunga nikasema nimeelewa. Awuor ananiambia hatarudi. Anakwenda Homa Bay kusomea uuguzi, likizo zake amesema atazimalizia kwa Dani, na amenipa kitabu ili asilazimike kusema. Niliona nastahili. Nilijitayarisha kulipokea jambo hilo kama mtu mzima. Nilikaanga samaki wa jana, nikatayarisha hata maneno, kwamba mtoto si mzigo wa kufungiwa kamba, kwamba mlango wangu uko wazi, maneno mazuri sana. Kisha nikakuuliza moja kwa moja, kama ninavyowauliza watoto sasa: "Huyu msichana ni wewe?"

Ulitoa mwiba mdomoni ukauweka ukingoni mwa sahani.

"Mama," ukasema, "huyo ni wewe."

Ukaendelea kula. Sikujua unajua.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, nafanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Homa Bay. Nilipanda gari kutoka Kisii, na gari hilo hupita Rangwe. Lilisimama pale sokoni kushusha watu, wakati mwingine kwa muda wa kumenya na kula chungwa zima. Dani alikuwa akiuza nyanya upande wa kulia ukienda Homa Bay. Nilimwambia kwamba nitakuja kukuona nikipata nafasi, kwamba mazoezi ni magumu, kwamba mwalimu mkuu ni mkali. Nilipita hapo kila nilipotoka na kila niliporudi, muhula mzima, na sikushuka. Kiti changu kilikuwa cha kushoto nikienda, cha kulia nikirudi. Nilikichagua.

Siku moja nikienda kilikuwa kimekaliwa, nikaketi kulia. Nawe ulikuwa pale, umevaa gauni la kijani lililokatwa kutoka kwenye la Dani, unapanga nyanya mafungumafungu. Ulikuwa unaziweka nne chini na moja juu, ukarudi nyuma kuzitazama kama fundi. Kisha ukainua macho, ukaniona dirishani. Ulisimama. Ulipunga mkono wote, kutoka begani, ukaanza kukimbia kando ya gari kati ya mafungu ya watu ukiita, "Sista! Sista!"

Nikainama. Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikakaa chini hivyo mpaka gari likatoka sokoni. Mama mmoja aliyekaa nami akaniuliza kama naumwa. Viatu vyangu siku hiyo havikuwa na kamba.

Miaka yote hii nimejiambia kuwa hukuniona vizuri, kwamba mtoto wa umri ule huona mtu kila mahali. Ulikuja kukaa nami, ukaacha kuniita Sista bila mtu kukuambia, ukaniita Mama kwa sauti ya kujaribu kiatu kipya, nami nikalipokea jina hilo kama zawadi ambayo haina historia. Kumbe ulikuwa umeibeba ile siku ya nyanya hadi Macalder, ukaiweka mahali. Ukasimama pale rafuni miaka yote ukitusikiliza, mimi nikiinua kidole. Sasa najiuliza ni vitabu vingapi ulivisimamia vilivyokuwa na mama anayepita. Nakumbuka viwili. Nilivitolea maoni kuhusu mtindo.

Sababu yangu nitakuambia, ingawa si nzuri na haitengenezi kitu. Sikuwa nimekuchukia. Niliogopa kuitwa Sista na wewe mbele ya watu na kuitika. Kila nilipoitika nilikuwa nakukana, nawe ukitabasamu. Nikaona bora nisiitwe. Hivyo nikakufanyia jambo baya zaidi ili nisifanye lile baya, nikakupita, na nikafika Homa Bay nikasimama mbele ya darasa kuwafundisha watoto wa watu jinsi ya kumchambua mhusika.

Sasa unakwenda wodini. Utakuwa hodari, kwa sababu tangu utotoni unajua kutazama bila kuonekana. Nina neno moja tu kwa hilo, na nimelilipia. Watu watakuja na tumbo la jirani. Watakuambia kuna msichana wanayemfahamu, kuna binamu, kuna mtu fulani analala amekaa. Wengine watalirudia jambo hilohilo kila wakija, ukawaona wanakupotezea muda na foleni ni ndefu. Ukimwona mtu analeta kitabu kilekile kwa mara ya pili, Awuor, weka chini ulichoshika.

Sikuombi unisamehe. Nimesoma riwaya nyingi mno ambamo mama anaomba msamaha katika kurasa za mwisho, na msichana, kwa kuwa kitabu kimekaribia kuisha, anampa. Vitabu hivyo havikupanda rafu ya juu. Ninyi mlivikataa, mkasema vinamfaa mtu mzima. Na ungenisamehe la kwangu, bado kuna la Atieno, ambalo si lako kulisamehe.

Nitakuambia tu nitakachofanya. Kitabu chako nimekibakisha hapa. Nadhani hivyo ndivyo ulivyotaka. Jumapili nitakwenda nacho kanisani. Ouma bado huja, sauti imekuwa nzito na ndevu zimeanza, bado anawafundisha wadogo kurusha vitabu kwa panya. Watoto watakaa kwenye yale mabenchi, nami, ambaye sijawahi kusimamia kitabu hata siku moja tangu rafu ianze, nitasimama kando yake nikiwa nimekikumbatia. Nitasema kitabu hiki kinamfaa mtu aliyempita mtoto wake barabarani na kuinama. Kisha nitasema mtu huyo ni nani. Nitawaambia pia habari za kidole changu, na za Atieno kwa jina lake, kwa kuwa baadhi yao hawakumjua na wanakaa kwenye kiti alichokuwa akikifuta. Huenda wazazi wakanijia juu. Huenda wazee wa kanisa wakataka chumba chao. Ouma labda atacheka kwanza, kwa mazoea. Sijui nitamalizaje. Hutakuwepo kuona, na nadhani ni vizuri, nisije nikasema kwa ajili ya uso wako.

Na likizo zako nenda Rangwe, kama ulivyosema. Dani amezeeka, nyanya anazipanga hovyo siku hizi, atafurahi kupata fundi wake. Siku utakayokuwa huko nitapanda gari la Homa Bay. Nitakaa upande wa kulia. Ukiniona dirishani si lazima uinue mkono, wala usiache unachokifanya.

Nitashuka.

Mama yako